Vimbunga vya Atlantiki: juu ya nini vinaua sana kati ya mwezi wa nane na mwezi wa kumi?

Kila mwaka, mwezi wa nane ukifika, habari za vimbunga zinaanza kujaa kwenye redio, televisheni na WhatsApp. Tunaona nyumba zenye kubebwa na maji, miti yenye kulala katikati ya barabara, watu wenye kusimama juu ya paa wakingojea helikopta. Mwezi wa kumi na mbili ukifika, kimya. Mwaka wenye kufuata, mambo yanaanza tena wakati ule ule.

Kwa mkaaji wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika, hayo yanaweza kuonekana ya mbali. Lakini leo jamaa nyingi za huku ziko na mtoto, dada ao mjomba mwenye kuishi Texas, Florida ao North Carolina. Tangu miaka ya 2010, Wakongomani wamekuwa kati ya wakimbizi wenye Marekani ilipokea kwa wingi zaidi, na wengi wao walitoka mashariki mwa inchi yetu. Kimbunga kikitajwa, tunapiga simu. Simu ikikataa kupita, usingizi unapotea.

Katika makala hii tunaeleza juu ya nini vimbunga viko na msimu wake, vile vyenye historia haitasahau vilipiga wakati gani, na kitu gani kinaua watu kweli. Mwishoni tunajibu swali lenye linarudi kila mara: je, kimbunga kinaweza kufika huku kwetu?

Kitu kimoja, majina matatu

Kimbunga ni dhoruba kubwa sana yenye kuzaliwa juu ya bahari ya moto na yenye kuzunguka sawa gurudumu. Upana wake unaweza kupita kilometa mia tano. Katikati kuko shimo la utulivu, lenye wanaita jicho. Pale upepo unatulia, hata jua linaweza kuonekana. Watu wengi walikufa kwa kudhani mambo yamekwisha: walitoka inje, na upande wa pili wa kimbunga ukawakuta barabarani.

Kwenye Atlantiki, Karibi na Ghuba ya Meksiko, Wafaransa wanakiita uragani. Upande wa Japani, Uchina na Ufilipino, wanasema taifuni. Kwenye Bahari ya Hindi, kama Madagaska na Msumbiji, ni sikloni. Jina tu njo linabadilika. Kwa Kiswahili tunasema kimbunga.

Kwenye Atlantiki, dhoruba inapewa jina la mtu upepo wake ukifikia kilometa 63 kwa saa. Inaitwa kimbunga kamili ikifikia kilometa 119 kwa saa. Kisha kuko daraja 5. Daraja la tano linaanza kwa kilometa 252 kwa saa, na hapo nyumba nyingi hazibaki zimesimama. Kimbunga kikiua sana, jina lake linaondolewa kwenye orodha na halitumiwi tena. Njo maana hautasikia tena Katrina ya pili ao Mitch ya pili.

Juu ya nini kuko msimu?

Msimu wa Atlantiki unafunguliwa tarehe 1 mwezi wa sita na kufungwa tarehe 30 mwezi wa kumi na moja. Lakini hiyo miezi sita hailingani. Kilele ni karibu na tarehe 10 mwezi wa tisa. Vimbunga vikali vingi vinaanguka kati ya katikati ya mwezi wa nane na katikati ya mwezi wa kumi.

Sababu ya kwanza ni joto la maji. Kimbunga kinakula joto la bahari. Kinaomba maji yenye kupita digrii 26, na siyo juu tu: joto linapaswa kushuka chini meta kama 50. Kule kaskazini jua kali zaidi liko mwezi wa sita. Basi, juu ya nini vimbunga havifiki kwa wingi mwezi huo? Fikiria sufuria kubwa ya kupikia watu wa matanga. Unawasha moto, lakini maji hayachemki palepale. Na ukiondoa kuni, maji yanabaki moto kwa muda. Bahari iko vile vile. Inaanza kupata moto mwezi wa sita, na inafikia joto lake la juu mwezi wa nane na wa tisa.

Sababu ya pili ni upepo wa juu. Kama upepo wa juu sana na upepo wa chini haufanani kwa nguvu ao kwa njia, unakata kimbunga kichwa mbele hakijasimama. Kati ya mwezi wa nane na wa kumi, upepo ule unapungua kwenye Atlantiki. Mlango unakuwa wazi.

Sababu ya tatu inatoka Afrika. Wakati wa mvua za Saheli, mawimbi ya hewa yanazaliwa upande wa Sudani, Chadi na milima ya Etiopia, kaskazini mwa inchi yetu. Yanatembea kuelekea magharibi, yanavuka Nijeri, Mali na Senegali, kisha yanaingia baharini karibu na visiwa vya Kapuvede. Kila mwaka kunapita mawimbi kama 60. Mengi yanakufa bila kelele. Machache yanakuta maji ya moto, yanaanza kuzunguka. Vimbunga vikali vingi vya Atlantiki vilianza hivyo: wingu la ngurumo juu ya Afrika, na nyuma ya wiki mbili, nyumba zenye kuanguka Florida.

Mwezi kwa mwezi: vile vyenye havisahauliki

Mwezi wa sita. Watu wanasema ni mapema. Lakini tarehe 27 mwezi wa sita 1957, kimbunga Audrey kilipiga pwani ya Louisiana. Wakaaji wengi walikuwa wamesikia onyo, wakalala wakidhani wataondoka asubuhi. Bahari iliingia mbele yao. Zaidi ya watu 400 walikufa.

Mwezi wa saba. Kwa kawaida ni mwezi wa utulivu. Lakini mwaka 2024, Beryl ilivunja sheria. Tarehe 1 mwezi wa saba ilifagia kisiwa cha Carriacou, inchi ya Grenada, na siku yenye kufuata ikafikia daraja la tano. Hakuna kimbunga kingine cha Atlantiki chenye kujulikana kuwa kilifikia daraja hilo mapema hivyo. Wiki moja nyuma, tarehe 8, kilifika Texas kikiwa kimepungua sana, na bado nyumba na maduka zaidi ya milioni 2 zilikosa umeme, Houston na pembeni yake, katika joto kali.

Mwezi wa nane. Hapa mambo yanakuwa mazito. Tarehe 8 mwezi wa nane 1899, San Ciriaco kiliua zaidi ya watu 3,000 kule Puerto Rico. Tarehe 24 mwezi wa nane 1992, Andrew ilivunja kabisa nyumba zaidi ya 60,000 kusini mwa Florida. Tarehe 25 mwezi wa nane 2017, Harvey iliingia Texas na kukataa kuondoka. Kwa siku chache, mahali pamoja palipata milimeta zaidi ya 1,500 za mvua. Ni kuliko mvua yenye mji wa Goma unapata kwa mwaka wa kawaida.

Na tarehe 29 mwezi wa nane 2005 ilikuwa Katrina. Mji wa New Orleans uko kwa sehemu kubwa chini ya usawa wa bahari, na unalindwa na matuta. Upepo ulipita, watu wakapumua. Lakini matuta yalikuwa yamepasuka. Maji yalifunika karibu asilimia 80 ya mji. Wenye kukosa motokari na pesa ya kukimbia njo walibaki, na wengi kati yao walikuwa watu weusi na wazee. Kwa miaka mingi hesabu yenye kutajwa ilikuwa wafu 1,833. Mwaka 2023, kituo cha Marekani cha vimbunga kilisahihisha: 1,392.

Mwezi wa tisa. Njo mwezi wenye kuogopewa zaidi. Tarehe 8 mwezi wa tisa 1900, mji wa Galveston, kwenye kisiwa cha mchanga kule Texas, ulikuwa na wakaaji kama 38,000. Mahali pa juu zaidi pa mji hapakufika meta 3 juu ya bahari. Maji yalipanda zaidi ya meta 4. Watu kati ya 6,000 na 12,000 walikufa, na hesabu yenye kutajwa sana ni 8,000. Mpaka leo ni msiba mkubwa zaidi wa hali ya hewa katika historia ya Marekani. Kitu chenye kuumiza: watabiri wa Kuba walikuwa wamesema kimbunga kinaelekea Texas. Lakini ofisi ya Washington ilisema kitageuka kaskazini kupitia Florida, na ilikuwa imezuia telegramu za hali ya hewa kutoka Kuba. Watu walikufa juu ya kiburi cha ofisi.

Miaka 28 nyuma yake, kimbunga kingine kilipiga Puerto Rico tarehe 13 mwezi wa tisa 1928, kisha usiku wa tarehe 16 kikafika Florida. Huko hakikuua kwa bahari. Kiliua kwa ziwa. Ziwa Okeechobee ni dogo kuliko ziwa letu Kivu, na kina chake ni meta chache tu. Upepo ulisukuma maji yote upande mmoja, tuta la udongo likavunjika, na maji yakafunika vijiji vya wakulima. Zaidi ya watu 2,500 walikufa, wengi wao wafanyakazi weusi wa mashamba. Mamia walizikwa katika kaburi moja bila majina.

Katika mwezi huo huo kuko Labor Day, tarehe 2 mwezi wa tisa 1935, chenye kiliua wanajeshi wa zamani wenye walikuwa wanajenga barabara kwenye visiwa vya Florida. Kuko Fifi, 1974, na maelfu ya wafu Honduras. Kuko Maria, tarehe 20 mwezi wa tisa 2017, Puerto Rico. Na kuko Helene, usiku wa tarehe 26 mwezi wa tisa 2024. Juu ya Maria na Helene tutarudi.

Mwezi wa kumi. Mabaharia wa zamani walizoea kusema mwezi wa kumi yote imekwisha. Si kweli. Kimbunga chenye kuua zaidi katika historia yote ya Atlantiki kilipiga kati ya tarehe 10 na 16 mwezi wa kumi 1780: Barbados, Martinique, Sint Eustatius. Karibu watu 22,000 walikufa. Mwisho wa mwezi wa kumi 1998, Mitch iliua zaidi ya watu 11,000 Amerika ya Kati. Na tarehe 28 mwezi wa kumi 2025, Melissa iliingia Jamaika na upepo wa kilometa karibu 295 kwa saa. Hakuna kimbunga kikali kuliko kile chenye kilirekodiwa kupiga Jamaika.

Tena mwezi wa kumi, njia za vimbunga zinabadilika. Vingi havitoki tena mbali karibu na Afrika. Vinazaliwa karibu, kwenye bahari ya Karibi na Ghuba ya Meksiko. Maana yake siku za kujitayarisha zinakuwa chache.

Mwezi wa kumi na moja. Msimu unazimika, lakini si kila mwaka. Mwaka 2020, Eta ilipiga Nikaragua tarehe 3, na Iota ikapiga karibu mahali pale pale nyuma ya wiki mbili. Watu wenye walikuwa wanaanza kuweka manjanja mapya juu ya nyumba waliyapoteza tena.

Mwaka mtulivu si mwaka wa usalama

Kila mwaka mbele ya msimu, wataalamu wanatangaza: mwaka huu dhoruba zitakuwa nyingi, ao zitakuwa kidogo. Watu wanasikia «kidogo» na wanatulia. Inaomba kuwa mwangalifu hapo.

Mwaka 1992 ulikuwa mtulivu sana. Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita, hakuna dhoruba yenye kupewa jina. Ya kwanza ilipewa jina katikati ya mwezi wa nane. Jina lake? Andrew. Dhoruba ile moja ya mwaka mtulivu njo iliharibu kusini mwa Florida kuliko kimbunga chochote cha mbele yake.

Upande mwingine, mwaka 2005 ulikuwa na dhoruba nyingi mpaka orodha ya majina ikaisha, wakaanza kutumia herufi za Kigiriki. Ya mwisho, Zeta, ilizaliwa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili na kufa mwezi wa kwanza 2006. Ilikuwa inje kabisa ya msimu, lakini haikuua mtu nchi kavu. Hesabu ya mwaka inasema dhoruba ngapi zitazaliwa baharini. Haisemi moja kati yao itapita kwenye mlango wa nani.

Kinachoua sana ni maji

Tukisikia kimbunga, tunawaza upepo. Hata daraja zile 5 zinapima upepo tu. Lakini wataalamu wa Marekani walihesabu watu wenye waliuawa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki ndani ya inchi yao kati ya 1963 na 2012: karibu 9 kwa 10 waliuawa na maji. Nusu hivi kwa bahari yenye kuingia inchi kavu, na wengine wengi kwa mvua na mito.

Mitch ni mfano mkubwa. Baharini ilikuwa ya daraja la tano. Ilipoingia Honduras ilikuwa imeshuka mpaka daraja la kwanza. Mtu wa kuangalia daraja tu angesema hatari imepita. Lakini mvua ilinyesha siku kwa siku juu ya milima. Tarehe 30 mwezi wa kumi, ubavu wa volkano Casita, Nikaragua, uliteremka na matope na mawe. Vijiji vyenye vilikuwa chini vilifunikwa, na karibu watu 2,000 walikufa mahali hapo peke yake.

Helene ilirudia somo lile mwaka 2024. Iliingia inchi kavu Florida usiku, na kesho yake ilikuwa juu ya milima ya North Carolina, mamia ya kilometa kutoka baharini. Watu wa kule walidhani vimbunga ni shida ya watu wa pwani. Mito ilipanda, vilima vikateremka, madaraja yakaenda. Zaidi ya watu 100 walikufa katika jimbo lile peke yake. Mji wa Asheville ulikaa karibu miezi miwili bila maji ya bomba ya kunywa.

Na kuko kifo chenye kuja polepole. Nyuma ya Maria, serikali ya Puerto Rico ilisema kwanza wafu ni 64. Mwaka 2018, nyuma ya uchunguzi, ikakubali hesabu ya 2,975. Tofauti inatoka wapi? Ni wagonjwa wenye mashine zao zilizimika, wazee wenye hawakufikiwa, dawa zenye zilikosa. Kuko mitaa yenye ilikaa miezi mingi bila umeme. Upepo ulipita siku moja, vifo viliendelea kwa miezi.

Upande wetu wa Afrika, kalenda inageuka

Kwenye Bahari ya Hindi ya kusini, mambo ni kinyume. Wakati Atlantiki inafunga msimu wake, mwezi wa kumi na moja, huku unafunguliwa, mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Ni kwa sababu kule kusini jua kali na bahari ya moto zinakuja mwanzo wa mwaka.

Usiku wa tarehe 14 mwezi wa tatu 2019, Idai ilifika Beira, Msumbiji. Zaidi ya watu 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita nyuma, tarehe 25 mwezi wa nne, Kenneth ilipiga Cabo Delgado, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwaka 2023, Freddy ilivuka Bahari ya Hindi yote, ikapiga Madagaska na Msumbiji, ikarudi, ikapiga tena. Ilidumu siku 36, na hakuna kimbunga kingine chenye kujulikana kuwa kiliishi muda mrefu hivyo. Iliua sana Malawi, inchi yenye haina bahari kabisa: vilima vya Blantyre viliteremka juu ya nyumba usiku. Zaidi ya watu 600 walihesabiwa kufa na zaidi ya 500 hawakuonekana tena.

Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2024, Chido ilifagia Mayotte. Kwenye kisiwa kile kuko pia Wakongomani wa Kivu wenye kuomba ukimbizi, na wengi wanaishi katika vibanda vya manjanja. Hivyo vibanda njo vilienda vya kwanza.

Pwani ya Tanzania inaguswa mara chache, kwa sababu iko karibu na ikweta. Lakini imekwisha kuguswa. Mwezi wa nne 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar, kikaharibu meli na mikarafuu. Mwezi wa nne 1952 ilikuwa Lindi. Mwanzo wa mwezi wa tano 2024, Hidaya ilifika karibu na Mafia.

Je, kimbunga kinaweza kufika Goma, Bukavu ao Bunia?

Hapana. Sababu ziko tatu, na hazitegemei bahati.

Kwanza, kimbunga kinaomba mzunguko wa dunia kikunje upepo wake, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni kidogo sana. Vimbunga havizaliwi karibu na ikweta, ni kawaida kuanzia digrii 5 hivi kaskazini ao kusini. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Bunia, Goma, Bukavu na Uvira zote ziko ndani ya digrii 5. Pili, kimbunga kinaishi kwa bahari ya moto, na kikiingia inchi kavu kinakosa chakula chake. Kutoka huku mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa elfu moja. Tatu, milima inakivunja.

Kwa hiyo, ukipata ujumbe wa sauti kwenye simu wenye kusema «kimbunga cha daraja la nne kinafika Goma kesho usiku», usiutume kwa wengine. Ni uongo.

Lakini kuwa mbali na vimbunga hakututoi katika hatari ya maji. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe. Mito ikashuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa. Hakikuwa kimbunga. Ilikuwa mvua ya msimu wetu, juu ya milima yenye nyumba chini yake, sawa Casita, sawa Blantyre, sawa North Carolina. Na sisi pia tuko na kalenda: mvua kali zinarudi mwezi wa tatu mpaka wa tano, na tena mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili. Mwenye kukaa pembeni ya mto ao chini ya kilima chenye kimekwisha kupasuka hana lazima ya kungoja kimbunga.

Tena, kuko uhusiano mmoja wa kweli na Bahari ya Hindi. Wakati mwingine kimbunga kikizunguka upande wa Madagaska kinavuta hewa ya unyevu kutoka msitu wa Kongo kuelekea mashariki, na inaweza kuongeza mvua katika inchi za Afrika Mashariki. Kimbunga chenyewe kinabaki mbali.

Kama uko na ndugu kule

Mtu mwenye amefika Texas ao Florida mwaka jana hajui bado msimu, na pengine hasikii vizuri Kiingereza cha onyo. Simu yako inaweza kumsaidia. Mbele ya mwezi wa nane, muulize mambo haya:

- Nyumba yenu iko katika eneo lenye kuondolewa watu? Mji unapanga maeneo kwa herufi ao namba, na mtu anapaswa kujua yake mbele ya siku ya shida.
- Wakisema muondoke, mtaenda kwa nani, na kwa motokari ya nani? Wasingoje asubuhi kama watu wa 1957.
- Maji ya kunywa, dawa, taa na chakula cha siku kadhaa viko? Karatasi za ukimbizi na paspoti ziko ndani ya plastiki?
- Muko na grupu ya umeme? Isiwashwe ndani ya nyumba wala ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Mwaka 2020, kimbunga Laura kilipopiga Louisiana, moshi wa grupu uliua watu wengi wenye upepo uliwaacha wazima.
- Mtu asiingize motokari katika maji yenye kukimbia barabarani. Hakuna mtu mwenye kujua kama chini barabara ingali iko.
- Upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba, wasitoke. Inaweza kuwa jicho.

Na wewe mwenye kubaki huku: nyuma ya kimbunga, simu zinaweza kukosa siku nyingi kwa sababu minara imeanguka ao betri zimekwisha. Kimya hakimaanishi kifo. Muchague mbele ya msimu mtu mmoja wa jamaa mwenye kuishi jimbo lingine, mbali na pwani, wote wampigie huyo, na yeye njo awape habari.

Msimu wa Atlantiki unafungwa tarehe 30 mwezi wa kumi na moja. Siku ile, msimu wa Bahari ya Hindi unakuwa umekwisha kufunguka. Wenye ndugu Mayotte, Msumbiji ao Malawi waendelee kufuata habari mpaka mwisho wa mwezi wa nne.